Gari Hugeuzwa Kabla ya Kushusha Dawa

Kila tulipofika mahali, kabla hatujashusha hata boksi moja la dawa, dereva wetu aligeuza gari kwanza. Alirudi kinyumenyume hadi chini ya mti au ubavuni mwa jengo, pua ya gari ikielekea tulikotoka, akazima injini na kuuacha ufunguo palepale. Miezi miwili ya mwanzo niliyachukulia hayo kuwa mbwembwe za madereva. Watu wamepigwa na jua tangu asubuhi wakitusubiri, na huyu bwana anahangaika na usukani!

Nitamwita Mzee, maana ndivyo tulivyomwita sote. Nilikuwa daktari mgeni wa shirika la misaada, kwenye nchi yenye vita. Mji sitautaja, wala nchi. Wale ninaowasimulia bado wanaishi hukohuko, na wenye bunduki nao siku hizi wana simu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kliniki tembezi. Tulikuwa na ruhusa ya kupita vizuizi vitatu, kwa sharti moja lisilo na mjadala: saa nane mchana tuwe tumeshaondoka. Sababu haikuwa siri. Kwenye kizuizi cha pili askari walipokezana zamu saa kumi, na wale wa jioni walikuja wameshakunywa. Saa nane kasoro dakika kumi foleni yangu ilikuwa bado na watu kama thelathini, na mezani pangu alilala mtoto wa miezi minane au tisa, anahema mbiombio, ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta hewa. Nimonia kali. Mzee akaja, akasimama mlangoni. Hakusema kitu.

“Mzee, nusu saa tu.”

“Dokta, ni saa nane.”

Nilimjibu kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke. Nilimwambia kazi yake ni gari, yangu ni wagonjwa. Akarudi akakaa nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Nusu saa ikazaa saa mbili.

Kwenye kizuizi cha pili walimshusha yeye. Mimi hawakunigusa. Nilibaki kitini na fulana yangu yenye nembo kubwa kifuani, mikono juu ya dashibodi ionekane, kama nilivyofundishwa. Walimuuliza jina, jina la baba, kijiji cha babu. Wakampigisha magoti kando ya barabara. Mmoja, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaamua kuota, akampiga na kitako cha bunduki juu ya jicho. Nilitazama saa ya gari: dakika arobaini na moja. Hawakueleza kwa nini wamemshika, na hawakueleza kwa nini wamemwachia.

Usiku ule nilimshona nyuzi nne kwenye nyusi. Nikamwomba radhi. Alinyamaza hadi nilipokata uzi wa mwisho, ndipo akasema, “Dokta, wewe pale walikuona daktari. Mimi waliniona mtoto wa baba yangu.”

Mtoto wa nimonia alipona. Nalisema mapema kwa kuwa najua msomaji atauliza, na kwa kuwa kwa muda mrefu nililitumia kama wakili wangu. Kwenye ripoti ya tukio niliandika “kuchelewa kutokana na hali ya mgonjwa.” Kila neno lilikuwa kweli, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Mzee alikuwa amesema hapana, na aliisema kwa namna yake ya kawaida: kusimama mlangoni, kutaja saa. Mimi nilikuwa nasubiri hapana ya kelele.

Kabla ya kupelekwa huko nilihudhuria kozi ya usalama ya siku kadhaa. Sitaidharau, kwa maana baadhi ya mambo yake yaliniokoa. Ukikaribia kizuizi punguza mwendo mapema, shusha kioo, vua miwani ya jua, usiguse simu, usijibu swali ambalo hukuulizwa. Ukisikia mlio lala chini kwanza, uliza baadaye. Toa taarifa kwenye redio ya upepo kila nusu saa, na ukikaa kimya watu waanze kukutafuta. Walitufundisha pia kwamba shirika linaweza kujilinda kwa njia tatu: kukubalika na watu, kujizungushia kinga kama kuta na mifuko ya mchanga, au kutisha, yaani kutembea na wenye silaha. Kwa hospitali njia ya tatu ni balaa. Ukitembea na bunduki za upande mmoja, upande wa pili haukuoni tena kama mganga. Basi sisi tulichagua kukubalika, tukaandika hivyo kwenye mpango wetu wa usalama kwa herufi nzito, na mimi nikadhani kwa kuandika tumekubalika.

Kukubalika nilikuja kukuona kwa macho getini, usiku mmoja wa mvua.

Getini tulikuwa na mlinzi aliyepita umri wa kustaafu, asiye na kitu mkononi ila tochi. Juu ya ukuta palichorwa bunduki ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, na pembeni yake palikuwa na kreti la mbao lenye vipande vya bati vilivyopigwa namba. Kila aliyeleta mgonjwa akiwa na silaha aliiacha nje ya geti kwa mwenzake, au mlinzi aliifungia kwenye kibanda na kumpa bati lake, sawasawa na mtu anavyoacha mzigo stendi. Usiku ule walikuja wanaume kama kumi na majeruhi wao juu ya mlango uliong'olewa mahali fulani, risasi ya tumbo. Walitaka kuingia wote, na bunduki zao. Wodini wakati huo alilala mtu wa upande wa pili, ana siku ya tatu tangu nimfanyie upasuaji, na sina shaka walijua.

Nilikuwa nakimbia kutoka chumba cha upasuaji nikitunga hotuba kichwani. Nilipofika nikamkuta mlinzi ameketi kwenye kigoda katikati ya geti, hana haraka. “Wanangu,” anawaambia, “mgonjwa aingie sasa hivi, hata msimhesabu. Msindikizaji ni mmoja. Chagueni ni nani.” Wakaanza kubishana wao kwa wao. Huyu ni ndugu wa mama mmoja, yule ni mkubwa kwa cheo, mwingine anadai ndiye aliyembeba. Machela ikapita katikati ya mabishano. Walipokubaliana, majeruhi alikuwa ameshalala chini ya taa yangu, na aliyechaguliwa aliingia amebeba kipande cha bati namba 7.

Ni kitu gani kilichowazuia kumsukuma yule mzee na kupita? Nilimuuliza kesho yake. Aliwahi kumfungulia geti mama wa huyu, akamwonesha yule mahali pa kulala mkewe alipokuja kujifungua, akamzuia askari wa serikali kwa maneno yaleyale mwezi uliopita, na habari hiyo ilikuwa imewafikia. “Wanajua siwabagui kwa kuwasumbua,” akasema. “Nawasumbua wote.”

Yule wa upande wa pili tulimhamishia kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia. Asubuhi msindikizaji akamuuliza muuguzi wa zamu nani kalala kule. “Wa kuharisha,” akajibiwa, “usisogee.” Najua maadili ya kazi yetu yanasemaje kuhusu uongo. Nilijifanya nasoma chati.

Sheria ilikuwa upande wetu, na nataka niizungumzie kidogo kwa kuwa wengi huidhani kuwa huruma tu. Ilianza na mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, aliyepita Solferino mwaka 1859 siku ya vita na kukuta maelfu ya majeruhi wametelekezwa. Mwaka 1864 mataifa 12 yakatia saini mkataba wa kwanza wa Geneva. Ile minne inayotumika leo ni ya mwaka 1949, na mwaka 1977 ikaongezewa itifaki. Inasema aliyejeruhiwa na kuacha kupigana si adui tena, ni mgonjwa, na anatibiwa kwa kufuata uzito wa hali yake, bila kutazama sare. Daktari haadhibiwi kwa kumtibu mtu, hata awe nani. Hata bunduki aliyokuja nayo majeruhi, ikiwa imehifadhiwa tu ikisubiri kukabidhiwa, haiondolei hospitali kinga yake. Na pale hospitali inapotumiwa vibaya kwa vita, bado lazima kwanza litolewe onyo na muda wa kutosha kabla ya kushambuliwa.

Niliwahi kumsomea kamanda mmoja mambo haya. Alitaka orodha ya majina ya wagonjwa wote wa kiume wenye majeraha ya risasi. Nilimtajia Geneva, akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu mzima aliyeambiwa kitu na mtoto wa shule. Kilichomrudisha nyuma kilikuwa kingine: mratibu wetu alikuwa na namba ya mkubwa wake, na wiki mbili kabla walikuwa wameketi pamoja na kukubaliana juu ya hospitali, kifungu kwa kifungu. Kumbe ile karatasi ya Geneva inafanya kazi, lakini inafanya kazi kupitia mtu aliyekwenda kuketi na mtu kabla ya shida.

Na wakati mwingine haifanyi kazi kabisa. Tarehe 3 Oktoba 2015, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Kunduz, Afghanistan, ilishambuliwa usiku na ndege ya kivita ya Marekani. Watu 42 walikufa: wagonjwa, wauguzi, madaktari, wasindikizaji. Pande zote za vita zilikuwa zimepewa vipimo vya mahali ilipo kwenye ramani. Jeshi la Marekani baadaye lilisema ni makosa ya watu na ya mitambo. Miezi saba baadaye, Mei 2016, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2286 la kulinda hospitali vitani. Tangu hapo hospitali zimeendelea kupigwa. Sisi pale tulichora nembo kubwa juu ya paa, tukatuma vipimo vyetu kwa kila aliyekuwa na ndege, na usiku nikisikia mngurumo angani nilikuwa nalala macho wazi nikijiuliza kama rangi ile juu ya bati inaonekana gizani.

Nimetumia maneno mengi kwa bunduki. Kwa kweli chumba changu cha upasuaji kilinifundisha zaidi kuhusu hapana za watu.

Chuoni nilifundishwa kushona. Kidonda kilichoshonwa vizuri ni raha ya macho. Basi alipoletwa kijana mwenye risasi iliyopasua msuli wa paja, nilimpa ketamini, dawa ya usingizi ambayo ni rafiki wa hospitali maskini kwa kuwa mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, nikasafisha, nikakata nyama iliyokufa, nikanyoosha mkono kuomba sindano. Muuguzi wa upasuaji, mama aliyekuwa kwenye kazi ile tangu mimi niko shule ya msingi, akasita. “Tushone, Dokta?” Nikasema ndiyo. Akaniandalia uzi. Nilipoanza akauliza tena, polepole, “Tushone sasa?” Nikadhani hanisikii vizuri.

Risasi inapoingia mwilini inavuta uchafu, vipande vya nguo, vijidudu, na inaua nyama kwa mbali kuliko tundu linavyoonesha. Kidonda cha vita husafishwa na kuachwa wazi, kikafungwa kwa gozi nyingi, vile vitambaa vyepesi vya vidonda, na hakifunuliwi hovyo hadi siku ya nne au ya tano. Kikiwa kisafi ndipo hushonwa. Kila daktari wa upasuaji wa vita anajua hilo kama anavyojua jina lake. Mimi nilikuwa nimelisoma pia, kwenye kijitabu cha mafunzo, ndani ya ndege. Siku ya tatu harufu ilitufikia kabla hatujafika kitandani. Tulimkata mguu juu ya goti. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Nilikuambia, Dokta. Mara mbili.”

Tangu siku hiyo nikawa na mazoea ambayo wenzangu wapya waliyaona ya ajabu. Muuguzi akiuliza swali ambalo jibu lake analijua, naweka chombo chini. Ninasema, “Mama, ingekuwa wewe ungefanyaje?” Mara nyingi alikuwa ananiuliza tu kweli, na tukacheka. Mara nyingine akataja mshipa nilioupita.

Siku za majeruhi wengi kwa pamoja hazina nafasi ya maswali ya namna hiyo, ndiyo maana kila kitu lazima kiwe kimekubaliwa kabla. Vitambaa vya rangi: nyekundu kwa anayekufa usipomgusa sasa, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea, nyeusi kwa yule ambaye hata ukitumia kila ulicho nacho hataipata asubuhi. Fikra yenyewe ni ya kale, daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, aliwapanga majeruhi kwa uzito wa jeraha na si kwa cheo. Jambo ambalo karatasi haikukazii ni kwamba wa kijani ndio hufika kwanza. Wana miguu. Wanakuja wakipiga kelele, wanajaza vitanda, wanamaliza gozi, na wale wekundu wanapoletwa kwenye machela nusu saa baadaye hakuna pa kuwaweka. Mlinzi wetu ndiye aliyelitatua: aliwaelekeza wa kijani wote chini ya turubai upande wa pili wa ua, akawapa maji. Anayelia ana pumzi. Mimi nilikuwa nikitembea kati ya walionyamaza.

Anayegawa vitambaa hatibu. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Unafunga kitambaa cheusi kwenye mkono wa mtu anayekutazama, unapita. Tulikuwa na chumba cha pembeni chenye godoro safi na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na mtu wa kukaa nao, kwa kawaida mfagiaji wetu kwa sababu wauguzi wote walikuwa wameshikwa. Alikuwa akiwashika mkono mmojammoja na kuwauliza majina ya watoto wao.

Mfagiaji huyohuyo alituepusha na janga jingine. Watu hudhani vitani watu hufa kwa risasi. Kambini, wanakokimbilia, wanakufa kwa surua, malaria, kuhara, uzazi na njaa. Kipimo chetu cha dharura kilikuwa vifo zaidi ya 1 kwa watu 10,000 kwa siku. Tulipima mzunguko wa mikono ya watoto wadogo kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Surua ikiingia kwenye umati wa watoto kama hao inafyeka, kwa hiyo tulipanga chanjo ya watoto wote wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 15. Chanjo zilikuwa kwenye barafu, timu tayari, tunaanza keshokutwa.

Jioni mfagiaji alikuwa akifagia chumba changu. Akafagia. Akarudia. Mahali palepale. Nilikuwa nimeshajifunza kitu kidogo. Nikafunga daftari, nikamuuliza kulikoni. Hakuniambia kuhusu uvumi. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe hatamleta binti yake. Nikauliza tena ndipo yakatoka: inasemwa sindano inafunga kizazi cha wasichana, na vijana wawili wameshaapa kulichoma gari letu.

Tuliahirisha kwa siku tisa. Mkubwa wangu wa mbali hakupendezwa, takwimu zilikuwa zimeshaahidiwa. Siku tisa hizo tulikaa na kina mama, na wazee, na viongozi wa dini, hatukuhutubia bali tulijibu maswali, mengine ya kukera. Wafanyakazi wetu wakachanja watoto wao kwanza, hadharani. Gari halikuchomwa.

Kwingine mambo hayakwenda hivyo. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ulioua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020, vituo vya matibabu vilishambuliwa mara kwa mara. Watu waliokuwa wameuawa kwa miaka mingi bila dunia kugeuza shingo waliona ghafla magari mapya na fedha nyingi zinamiminika kwa ugonjwa mmoja, mara nyingine zikisindikizwa na askari, na wakasema Ebola ni biashara. Tarehe 19 Aprili 2019 Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo akiwa kwenye kikao na wenzake. Sikuwa huko na sitajifanya hakimu. Ila kila nikisoma jina lake namkumbuka mfagiaji na ule ufagio uliokuwa hauondoki mahali pamoja.

Mwishoni mwa mwaka mapigano yakafika mjini, na tukaamriwa kuondoka. Sisi, maana yake wageni. Ndege ndogo, viti kumi na viwili, orodha ilikuwa imeandikwa miezi mingi kabla. Mzee ndiye aliyetupeleka uwanjani. Muuguzi wa upasuaji alibaki na funguo za chumba cha upasuaji, mlinzi alibaki na kreti lake. Niliwapa mikono mmoja mmoja huku nikijihisi kama mtu anayetoroka deni. Kila tarehe 19 Agosti dunia huadhimisha siku ya wafanyakazi wa misaada, kumbukumbu ya bomu la mwaka 2003 lililoua watu 22 kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Baghdad. Wengi tunalikumbuka jina la Sergio Vieira de Mello, aliyekuwa mkuu wa ujumbe, na alistahili. Lakini mwaka hadi mwaka, idadi kubwa kabisa ya wanaouawa kwenye kazi hii ni wenyeji wa nchi husika: madereva, walinzi, wauguzi. Wale ambao kwenye orodha ya ndege hawamo.

Tulirudi baada ya wiki sita. Geti lilikuwa linafunguka na kufungwa kama kawaida. Muuguzi wa upasuaji alikuwa amesimamia kazi na daktari kijana wa palepale, wamezalisha kwa upasuaji akina mama kumi na wanne, jenereta likiwashwa saa mbili tu kwa siku. Mlinzi alinionesha bati moja lililopotea namba, akataka nimnunulie jingine.

Kliniki tembezi zikaanza tena, na mwaka uliofuata nikawa mimi ndiye ninayempeleka daktari mpya. Mzee akageuza gari. Daktari mpya akanitazama kwa jicho la kuuliza, nikamwambia tu ashushe boksi.

Asubuhi tuligawa kadi 70 zenye namba. Saa nane kasoro robo Mzee akaja akasimama mlangoni, kovu la nyusi likiwa limebaki mstari mwembamba mweupe. Tulikuwa tumefika namba 59. Daktari mpya akaanza kusema nusu saa. Nikafunga sanduku. Tuliipitia foleni iliyobaki kwa macho, haraka, tukamchukua garini mmoja aliyekuwa na degedege, pamoja na mama yake, tukawaambia wengine kumi watunze kadi zao, watakuwa wa kwanza tukirudi wiki ijayo. Mwanamke mmoja mzee, namba 63, akaikunja kadi yake mara nne na kuifunga kwenye ncha ya nguo. Hakulalamika. Kizuizi cha pili tulipita wangali wale wa mchana, wakatupungia.

Wiki iliyofuata barabara ilifungwa. Na ile iliyofuata. Siku ya ishirini na nne ikafunguliwa, tukaenda, na kabla hatujashusha boksi daktari mpya akaanza kuita namba zilizobaki. Namba 63 alikuwepo, kadi imelainika kama kitambaa. Akaita nyingine zote hadi 70, kisha akarudia kuziita, kwa sauti kubwa zaidi. Kadi nne hazikurudi.